Mgongo umetulia, mguu ndo unawaka: maswali yenu kuhusu diski ya bandia

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mama wa miaka 44, nafanya biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, nyumbani ni Igogo kule juu kwenye mawe. Mgongo ulinitesa miaka mingi, mwisho ndugu wakachanga nikapelekwa India nikawekewa diski ya bandia ile ya chini kabisa, wamenipasulia tumboni sio mgongoni. Sa hivi inaenda miezi miwili. Yale maumivu ya mgongo ya zamani namshukuru Mungu sina, ila mguu wa kushoto ndo umeanza, yanashuka nyuma ya paja mpaka kisigino na kidole kidogo, usiku unawaka kama nimepakwa pilipili, mchana inakuja shoti moja alafu inapotea. Na kitu kingine cha ajabu mguu wa kushoto ni wa moto wa kulia ni wa baridi, hata mume wangu akishika anashangaa. Majirani wanasema chuma kimehama. Kuna mzee wa kuvuta viungo amesema niende kwake anivute mguu utatulia. Je operesheni imefeli? Na dagaa narudi lini maana mkopo wa kikundi unanisubiri.

JIBU: Pole sana dada yangu, na kabla ya yote mimi sio dokta, ni mtu wa mazoezi tiba, kwahiyo nayokwambia hapa uyapeleke pia kwa daktari wa mifupa aone na picha zako. Kwa ulivyoeleza mimi sioni operesheni iliyofeli. Naona neva, yaani mshipa wa fahamu, imekasirika.

Iko hivi. Diski ni ule mto laini kati ya pingili za mgongo, na ya kwako ya zamani ilikuwa imesagika, nafasi kati ya pingili na pingili ikawa imeshuka, na neva inayopita pembeni ikazoea kukaa pale imebanwa miaka yote hiyo. Daktari akaingia kwa mbele, akasogeza utumbo na mishipa mikubwa ya damu pembeni, akatoa diski iliyochoka, akaipanua ile nafasi akaweka mpya yenye kimo. Siku hiyo hiyo neva ikaachiwa na ikavutwa kidogo kwa wakati mmoja. Unajua ukikaa msibani kwenye mkeka mguu ukafa ganzi, wakati umeukalia wala hauumi, unauma ukinyanyuka. Ndo hivyo, ila ya kwako haiishi kwa dakika tano. Neva ikiwa imeumia nyuzi zake zinaota upya kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku, mwezi mzima ni sentimita 3 hivi, sasa piga hesabu kutoka kiunoni mpaka kidole kidogo cha mguu. Sio kila mtu anafika huko maana wengi neva inakuwa imevimba tu haijakatika, hao wanapata nafuu kwenye miezi mitatu minne ya mwanzo, lakini mtu akiendelea kupona polepole mpaka mwaka unaisha mimi sishangai.

Na njia uliyonichorea, nyuma ya paja, kisigino, kidole kidogo, hiyo ni njia ya neva ya S1, ndo hiyo inayopita kwenye diski ya chini kabisa waliyokubadilishia. Kwahiyo maumivu yanaendana na mahali walipofanya kazi. Ungeniambia yanaanzia kwenye nyonga, au yanakuja kwa mbele ya paja, ningeanza kuuliza maswali mengine.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Watu wote wanaokuja kwangu baada ya operesheni ya mgongo wanaanza na unauma sana, unauma kidogo, jana ulikuwa saba leo nane. Mimi nakuuliza mguu unafanya nini. Shika ukuta, simama kwa visigino vidole viwe juu. Alafu simama kwa ncha za vidole, mguu mmoja mmoja, panda na kushuka mara kadhaa. Neva yako wewe ndo inayokufanya uweze hiki cha pili, kwahiyo mguu wa kushoto ukichoka mapema kuliko wa kulia andika kwenye daftari umefika mara ngapi, Jumapili nyingine ujipime tena. Kama namba inapanda wiki hadi wiki wewe unapona hata kama usiku unalia. Kama inashuka, rudi hospitali hata kama maumivu yamepungua, tena hasa kama yamepungua, maana neva inayokufa na yenyewe inanyamaza. Angalia na ndala pia. Ndala ikianza kuchomoka mguuni unatembea hujui, au unajikwaa kwa vidole kwenye vijiwe vya njiani, usisubiri hiyo Jumapili.

Kuhusu moto na baridi, hiyo inawatisha wengi na karibu kila mtu anauogopa mguu usiohusika, analalamikia ule wa baridi. Mara nyingi wa baridi ndo uko kawaida na huu wa moto ndo umebadilika. Mbele ya uti wa mgongo kuna nyuzi nyembamba za fahamu zinazoiambia mishipa ya damu ya mguu ibane au ifunguke, na zinazoleta jasho. Operesheni ya kupitia mbele inaweza ikazigusa, mara nyingi upande wa kushoto maana madaktari wengi wanaingilia huko, basi mishipa inafunguka, damu inajaa, mguu unakuwa wa moto na mkavu hautoi jasho. Kwa wengi inatulia yenyewe baada ya miezi. Ila ule wa baridi ukiwa umepauka, unauma, umekufa ganzi na daktari akigusa hapati mapigo ya damu juu ya wayo, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Alafu kuna damu kuganda. Mishipa yako ilisogezwa, ukalala kitandani, ukapanda ndege masaa mengi. Chukua futi ya fundi cherehani upime mzunguko wa mashavu ya miguu yote mawili sehemu ile ile, viganja viwili chini ya goti. Yakipishana sentimita 3 au zaidi, au moja limekuwa gumu, jekundu, linauma ukilibonyeza, nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure ukapigwe ultrasaundi leo. Ukibanwa kifua au pumzi ikakata futi achana nayo, tafuta gari.

Mengine ya kukimbilia hospitali ni haya: kushindwa kukojoa au mkojo kutoka hujui, choo kutoka hujui, ganzi sehemu zile unazokalia na sehemu za siri, homa, kidonda kutoa usaha, au mguu wa pili nao kuanza ghafla. Hapo hata saa nane usiku unaamsha watu.

Mzee wa kuvuta, hapana dada. Simdharau, vifundo vya watoto wa mpira anaweza akavikanda vikatulia. Lakini wewe una chuma ambacho mfupa bado unakikamata, na neva iliyovimba haipendi kuvutwa. Hata mimi mazoezi ya neva nayoyafanya ni ya kuiteleza taratibu, unanyoosha goti huku umekaa, unainua wayo, unashusha, inaanza kuvuta tu unaachia. Anayekwambia ongeza mpaka ulie anakupoteza.

Usiku lala ubavu na mto katikati ya magoti, au chali mto chini ya magoti, ukitaka kunyanyuka jiviringishe kwanza ubavu, miguu ishuke, mkono ukusukume. Mchana tembea kidogo mara nyingi, sio mara moja mpaka mguu ukatae. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, kwenye tambarare, na mawe ya Igogo siyaiti zoezi hata kidogo. Najua huwezi kuyakwepa maana ndo njia ya nyumbani, basi kupanda anza na mguu mzima, kushuka tanguliza unaouma, na awepo mtu mbele yako wakati wa kushuka. Kukaa usizidishe nusu saa bila kusimama. Na hii diski wakati bado changa kujikunja kwa nyuma ukijinyoosha ni kubaya kama kuinama, watu wanakatazwa kuinama tu wanasahau.

Dagaa. Kazi yako sio kuuza tu, najua, ni kuanika na kugeuza, unainama kutoka kiunoni miguu imenyooka mpaka jua linapanda, na hiyo ndo ilikuwa inakumaliza tangu mwanzo ukiniuliza mimi. Kwa kawaida miezi mitatu ya mwanzo haturuhusu kubeba vizito wala kujipinda, na wiki sita za mwanzo kitu cha zaidi ya kilo 5 hivi hakibebwi kabisa. Sado ya maji sawa, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 hata ukiweka kichwani uzito unashukia pale pale. Unaweza ukarudi mapema kwa kupima na kuuza huku unasimama na kukaa kwa zamu, mwingine abebe magunia. Kuanika ukirudi anika kwenye vichanja vilivyofika usawa wa nyonga, na dagaa wa kichanjani hawana mchanga, bei yake unaijua mwenyewe. Kikundi waambie ukweli mapema wakupangie marejesho madogo, ukikaa kimya riba inakukimbiza kurudi kazini kabla ya mgongo.

SWALI: Shikamoo. Baba yangu alifanyiwa diski mwezi uliopita, mguu unamuuma, kapewa gabapentini lakini anasema zinamlewesha, ameacha zote jana, sasa anatumia diklofenaki ya duka la dawa asubuhi na jioni pamoja na ibuprofeni. Ana presha. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio sawa, mpeleke kwa daktari wake wiki hii. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, ukila pamoja huongezi nafuu unaongeza vidonda vya tumbo na mzigo kwenye figo, na mwenye presha inapandishwa. Gabapentini na wenzake pregabalini na amitriptilini ni za neva hasa, kweli zinalewesha siku za mwanzo, ndo maana daktari anaanza na dozi ndogo ya usiku anapanda taratibu, na inaweza ikachukua wiki kadhaa mtu kuona faida. Kuziacha ghafla ndo hatari, zinapunguzwa polepole kwa kuelekezwa. Asichanganye na pombe, na kama kuna dawa ya maumivu ya tramado mahali amwambie daktari maana zikikutana zinaweza kushusha pumzi. Panadoli anaweza, ila mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na kama ini lina shida hata hivyo ni vingi. Akiamka usiku kwenda chooni awe na taa, kizunguzungu na choo cha nje haviendani.

SWALI: Hivi hiki kidude, diski ya bandia, kinadumu miaka mingapi na nikitaka kupiga MRI, ile picha ya sumaku, itakuwaje, wanasema sumaku itakinyofoa.

JIBU: Hakinyofoki. Nyingi zimetengenezwa kwa titani au kobalti na kromu na katikati plastiki ngumu, kwa kawaida MRI inapigwa ila picha karibu na chuma inaharibika, ndo maana wakati mwingine wanakuongezea CT, ile eksirei ya kompyuta. Muhimu ile kadi ya aina ya diski uliyopewa usiipoteze, piga picha kwa simu umtumie na ndugu mmoja. Na sio kitu cha juzi. Diski ya kwanza iliyotumika sana ilitengenezwa hospitali ya Charité, Berlin, na Kurt Schellnack pamoja na Karin Büttner-Janz, huyu mama kabla ya udaktari alikuwa mcheza jimnastiki, alichukua dhahabu 2 Olimpiki ya Munich 1972, mtu aliyejua mgongo unajikunja vipi. Ikawekwa kwa mgonjwa mwaka 1984, Marekani wakairuhusu 2004. Kuna watu wamekaa nazo miaka zaidi ya kumi bila shida. Kuhama kunatokea ila ni mara chache na eksirei ya kawaida inaonyesha, ndo maana usikwepe zile eksirei za kliniki hata kama hujisikii kitu.

SWALI: Niko Sengerema, kliniki yangu iko Mwanza mjini, naogopa safari, mguu ukikaa kwenye gari unakufa ganzi.

JIBU: Daraja la Kigongo-Busisi limekuondolea foleni ya kivuko, kwahiyo ukipita barabara kukaa kwenyewe kumepungua. Bodaboda mpaka stendi usipande, chukua bajaji au gari dogo mwambie aende taratibu kwenye matuta. Kwenye basi kaa siti ya mbele, sio ile ya nyuma inayorusha, taulo lililokunjwa kiunoni, na kila dakika chache pampu wayo juu chini hata kama jirani anakushangaa. Ukiwa unapitia kivuko cha Kamanga nunua tiketi yako mapema, na ndani ya feri simama utembee, usikae kwenye gari. Na usipange kwenda na kurudi siku moja kama una ndugu Nyegezi au Buhongwa wa kukulaza.