Mkoba wako usiwe lumbesa

Uyole, Mbeya

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, baridi tu ndiyo imetukamata.

Umeniandikia kwamba idara yenu huko Marekani haitaki tena mtihani wa kukaa na kuandika kabla ya tasnifu. Kila mwanafunzi wa udaktari aandae mkoba, yaani mkusanyiko wa kazi zake alizoandika, kisha autetee mbele ya kamati. Unauliza uweke kila ulichoandika, na kama ile makala iliyokataliwa na jarida uifiche.

Mimi udaktari niliusoma kwa mtindo wa hapa: pendekezo la utafiti, tasnifu, utetezi, basi. Hiyo hatua yenu ya katikati sikuipitia. Ila kwenye viti vya watahini nimekaa sana, na najua kinachotuchosha.

Usijaze lumbesa, gunia lililopitiliza kipimo. Wewe unayeandika habari za viazi vya Isyonje unajua gunia likivishwa kilemba anayeumia ni nani. Kila karatasi unayoiingiza ni ruhusa ya kukuuliza maswali. Ile insha ya muhula wa kwanza, yenye nadharia ambayo mwenyewe huiamini tena, ukiiweka ili mkoba unenepe, wataanzia hapo hapo.

Anza na utangulizi, ingawa wenzako watauandika mwisho. Eleza swali lako ni lipi, limebadilikaje tangu ufike huko, na tasnifu italifikisha wapi. Kazi ambayo hukupata sentensi ya kuitaja humo iache nje, hata kama ilipata A.

Makala iliyokataliwa iweke, tena mbele. Nilisoma maoni ya wale wasomi waliotumwa na jarida kuitathmini. Mmoja alikuwa na kiburi, lakini alikuwa na hoja. Kwenye habari ya lumbesa ulimlaumu dalali peke yake. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na mkulima anaijua, sasa kwa nini anakubali? Kwa sababu viazi vikishachimbwa havingoji, barabara ya shambani ikiloa lori haliji, na nauli na ushuru vikitozwa kwa gunia badala ya kilo, kila mwenye fedha atataka gunia liwe kubwa. Hayo umeyaongeza kwenye rasimu mpya, nimeona. Basi tanguliza ukurasa mmoja: walisema nini, umebadilisha nini, na nini umekataa kubadilisha na kwa nini. Hapo pa kukataa ndipo kamati itaona kama una msimamo wa mtafiti au unafuata tu upepo.

Orodha ya marejeo yenye maelezo usiifanye muhtasari wa vitabu. Onyesha nani anabishana na nani, na wewe umesimama upande gani. Kwenye sehemu ya mkoba inayohusu ufundishaji, mtaala mmoja ulioutunga na maelezo mafupi vinatosha, ila kama mwongozo wa idara unadai zaidi, fuata mwongozo. Kila idara ina yake, usisikilize ya rafiki yako wa sosholojia.

Halafu jizoeze kuutetea kwa sauti mbele ya mtu asiyejua lolote kuhusu kilimo. Ukijikuta unasema “kama nilivyoandika”, rudi ueleze upya.

Utangulizi nitumie kabla hujampa msimamizi wako. Nitausoma na kalamu nyekundu mkononi, na safari hii usininunie wiki nzima.

Mama yako