Indeksi Ipo, Mbona Kweri Bado Inakawia?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni karani wa kompyuta kwenye sacco ya matatu huku Eastlands. Jedwali letu la malipo, kwenye MySQL (programu ya hifadhidata), limepita rekodi milioni 40. Mwanachama akija dirishani kuomba taarifa ya mwezi, natafuta kwa nambari yake ya simu na tunangoja karibu dakika nne. Kolamu ya simu ina indeksi, ile orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka. Tumeongeza RAM, wapi! Sasa meneja anataka seva mpya. Kweri, yaani ombi ninaloipa hifadhidata, ndiyo hii:

SELECT * FROM malipo WHERE simu = 254700000000 AND YEAR(tarehe) = 2024 AND MONTH(tarehe) = 3;

Dada wa Kayole

JIBU: Dada, mwambie meneja ashike hela zake kwanza. Tanguliza neno EXPLAIN mbele ya kweri hiyo, kisha uiendeshe; MySQL itakuonyesha inavyopanga kutafuta. Nadhani chini ya possible_keys utaiona indeksi yako imetajwa, lakini key ni NULL (tupu) na type ni ALL. Yaani MySQL inaijua indeksi ila haiwezi kuitumia, kwa hiyo inapitia jedwali zima, rekodi moja baada ya nyingine.

Angalia alama za nukuu. Nambari za simu kwa kawaida huhifadhiwa kama maandishi, VARCHAR, nawe umeuliza kwa tarakimu tupu. Hapo MySQL hugeuza kila andishi kuwa namba ndipo ilinganishe. '254700000000', ile iliyoingizwa na nafasi mbele, hata '254700000000A', zote zinakuwa namba moja, ilhali kwenye indeksi kila moja imekaa mahali pake. Indeksi itasaidiaje? Na hili linanitia wasiwasi kuliko huo mwendo wa kobe: dereva anaweza kuonyeshwa malipo ambayo si yake. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ingekataa kweri hiyo papo hapo, na mimi naona ni afadhali hivyo. Thibitisha aina ya kolamu kwa SHOW CREATE TABLE malipo, halafu andika simu = '254700000000'.

Tarehe nayo usiifunike kwa YEAR na MONTH, maana indeksi ya kawaida haioni ndani ya hesabu hiyo. Taja mwanzo na mwisho:

tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01'

Kisha tengeneza indeksi moja ya (simu, tarehe), simu ikitangulia, kwa sababu unataka mtu mmoja kwanza, ndipo siku zake. Ifanye usiku magari yakishalala, kwani kuijenga kunasoma jedwali lote na diski italemewa. Hakikisha pia mna nakala rudufu. Ile indeksi ya simu peke yake itakuwa haina kazi tena. Hii mpya inatosha.

Rudia EXPLAIN. Type ikisoma range (yaani inasoma kipande tu cha indeksi) na bado mnangoja, nitumie matokeo hayo pamoja na muundo wa jedwali. Nambari za wanachama zifute kabla ya kutuma.