Mnaoanza kupima udongo na majani ya kando ya barabara

Nyie mnaoingia kwenye hii kazi ya kutafuta metali za magari kwenye udongo na majani niwaambie mapema, utafiti wa namna hii unaharibikia barabarani, sio maabara. Mashine itakupa namba hata kama sampuli zako ni za hovyo.

Cha kwanza umbali. Metali za magari, yaani zinki ya tairi, shaba ya breki, risasi ya petroli ya zamani, nyingi zinatua mita chache tu toka ukingo wa lami halafu zinapungua haraka, kwahiyo ukichota sehemu moja hujapima kitu. Nenda kwa mstari, mita 1, 5, 10, 25, 50, na lazima uwe na sehemu ya mbali ya kulinganishia yenye udongo wa aina ileile, maana udongo wenyewe una zinki na shaba yake ya asili. Angalia pia upepo unaelekea wapi na maji ya mvua yanaishia wapi.

Kina nacho. Risasi inang'ang'ania udongo wa juu, sentimita 5 hivi, ukichimba mpaka 20 ukachanganya unaipunguza mwenyewe. Na ukiikuta usikimbilie kulaumu magari ya leo! Algeria ndo ilikuwa ya mwisho kuacha kuuza petroli ya risasi ya magari, 2021, nchi nyingi ziliacha zamani, ila iliyoingia ardhini haiozi. Ulizia kwanza barabara ina umri gani.

Majani ndo napenda zaidi. Pitisha kidole kwenye jani la mti wa ukingoni, kinatoka cheusi, na hilo vumbi linaziba vitundu vya kupumulia na kulinyima jani mwanga. Sasa gawa majani mafungu mawili, moja osha vizuri kwa maji ya maabara, yaani yasiyo na madini, lingine liache na vumbi lake, upime yote. Tofauti ndo vumbi la juu. Usipofanya hivyo utaandika mmea umefyonza metali kumbe umepima vumbi.

pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, usiiruke kabisa, kwenye udongo wa asidi metali zinaachia na mmea unazipata, kwenye wenye chokaa zinabanwa, kwahiyo jumla ya metali peke yake haikwambii mmea unakula nini.

Vifaa: koleo lenye mpako wa zinki achana nalo, tumia la plastiki. Majani weka mifuko ya karatasi, kwenye nailoni yanavunda. Na vaeni viakisi, jamani, mchotaji mmoja, mwingine anaangalia magari.