Kwenu mliopangiwa RCH (kliniki ya afya ya uzazi na mtoto): mtoto hapimwi na sweta

Wauguzi wadogo zangu mlioripoti juzi, karibuni sana. Baridi ya Juni imeshaingia huku Mufindi, Iringa, na niliyoyaona kwa waliowatangulia nimeanza kuyaona kwenu. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani na sweta la uzi, kofia, suruali mbili na nepi iliyolowa. Namba inasomwa kwa sauti, doti inawekwa kwenye chati ya ukuaji ya kadi, kadi inarudi kwa mama, "haya, mwingine!" Foleni inakwenda vizuri na tali, karatasi ya kuhesabia watoto, inajaa. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu uvumilivu wangu una mwisho.

Ya chuoni sitayarudia. Nitakumbusha jambo moja tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayoshusha mahindi, viazi na maharage kwenye masoko ya Dar es Salaam. Na watoto wetu wengi hawakondi. Wana mashavu, wanacheka, wamevikwa vizuri, ila ni wafupi kuliko umri wao. Kwa hiyo mkipima ovyo, hakuna jicho la mama, la bibi wala la jirani litakaloona mlichokikosa.

1. Mvue mtoto. Piga hesabu mwenyewe: mtoto wa miezi 8 anayekua vizuri huongeza kama gramu 300 kwa mwezi. Sweta, suruali na nepi yenye mkojo vinafika hapo na kupita. Maana yake mwezi Juni umepima nguo ukaandika ukuaji. Julai nguo zikiongezwa, vilevile. Oktoba jua likirudi na sweta likabaki nyumbani, mstari unaporomoka, na mama anaulizwa kwa ukali amemfanya nini mtoto, wakati mtoto alisimama kukua tangu Julai mbele ya macho yetu.

Najua mtaniambia chumba kina baridi. Kweli kina baridi. Hamisheni mzani utoke mlangoni, fungeni madirisha, mmoja apimwe huku anayefuata anavuliwa kwenye mapaja ya mama yake, na asivuliwe mtoto ambaye zamu yake haijafika. Kama mna mzani wa kusimama, mpimeni mama na khanga yake, kisha apande tena na mtoto aliyevuliwa ndani ya khanga ileile. Jiko la mkaa lisiingie humo, hata kama wamama wenyewe wataliomba.

2. Ubao wa urefu utoeni nyuma ya kabati. Uzito peke yake hauonyeshi udumavu. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao, mwingine anabana magoti na kusogeza kibao cha miguuni. Mtu mmoja akipima peke yake anaandika namba anayoitaka. Mtoto anazaliwa na sentimita kama 50, akitimiza mwaka anakaribia 75. Hatakuja kukua tena kwa kasi hiyo maishani mwake.

3. Someni mstari unaounganisha doti, msisome doti. Doti iliyo kwenye eneo la kijani la chati inaweza kuwa ya mtoto aliyekwama. Mstari ukilala mahudhurio mawili, msimwachie mama kadi kabla hamjazungumza naye.

4. Hapo kwenye kuzungumza ndipo panaponiuma zaidi, na hapa mnisikilize.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi alikuja mama kijana, mtoto wake ana miezi 8. Mstari ulipanda vizuri hadi alipofikisha miezi mitano, ukalala. Aliyekuwa kwenye mzani ni muuguzi mgeni kama ninyi, mkono mwepesi, mchangamfu, wamama wanampenda. Akaitazama kadi, akamtazama mtoto, akasema kwa sauti ya utani mbele ya benchi zima: "Mama, huyu mbona kama amebemendwa?"

Nilikuwa meza ya chanjo, nikalisikia. Benchi lilinyamaza, kisha mtu akacheka. Sihitaji kuwaeleza kilichotamkwa pale. Kila mwanamke aliyekaa kwenye lile benchi alielewa kwamba mwenzao ametuhumiwa kutotulia, yeye au mumewe, na kwamba mtoto ndiye ushahidi. Na safari hii aliyesema si wifi wala jirani mwenye kisirani, amesema mwenye sare nyeupe. Binti yule alimvika mtoto taratibu, akafunga kofia, akachukua kadi yake akaondoka. Hakujibu neno.

Mtoto alipofikisha miezi tisa hakuletwa. Chanjo ya surua na rubela ikapita. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipofika kwake alikuta nyumba ina ugomvi: maneno ya kliniki yalifika kabla yake kupitia mdomo wa aliyekuwa kwenye foleni, na mume akawa anadai maelezo. Mama alikuwa amerudi kwao na mtoto.

Na sababu yenyewe ilikuwa nini? Mtoto alipofikisha miezi mitano, mama alirudi kuchuma chai. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Mtoto anabaki na bibi, anapewa uji mwembamba wa mahindi na sukari, ananyonya usiku tu. Mstari ulilala mwezi uleule. Swali moja la kawaida lingetosha: "Siku hizi unashinda wapi, dada, na mtoto anabaki na nani?" Lingechukua muda mfupi kuliko ule utani.

Baadaye alirudi, kwa sababu yule mhudumu wa jamii alimwendea tena na tena, akakaa na mume, akakaa na bibi. Mtoto akachanjwa, akaanza kupanda. Lakini ile miezi aliyokosa hatukumrudishia. Muuguzi yule naye aliumia sana. Si mtu mbaya hata kidogo. Alirudia alichokisikia tangu utotoni bila kufikiri kwamba sasa anasema akiwa kazini. Ndiyo maana nawaambia neno hilo lisitoke vinywani mwenu hapa kituoni, si kwa utani, si kwa kunong'onezana wenyewe kwa wenyewe. Mama akilileta yeye, na atalileta, mpeleke pembeni, mwonyeshe mstari ulipolalia, muulize mwezi ule kulitokea nini. Mara nyingi atakutajia mwenyewe: kazi, ujauzito mwingine, kuhara, msiba. Mama anayeogopa kusemwa huacha kumleta mtoto, na ni huyohuyo mwenye mtoto anayetuhitaji.

5. Chakula. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama tu, bila maji, bila dawa za mchango. Baada ya hapo acheni kuwaamuru wamama watengeneze "uji wa lishe" wa nafaka tisa. Mahindi, mchele, ulezi, ngano na soya mbichi ndani ya mfuko mmoja havimsaidii mtoto. Vinaiva kwa nyakati tofauti, na karanga zenye ukungu zikiingia humo zinaleta sumukuvu. Mwambieni apike uji wa nafaka moja uwe mzito, usiotiririka kwenye kijiko, na atie kitu: maziwa, yai, unga wa usipa (dagaa), karanga safi zilizokaangwa. Viazi vipo, maharage yapo, parachichi limelala chini ya mti. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, miezi 9 hadi 11 mara 3 au 4 pamoja na asusa, na anyonye bado. Asali asipewe kabla ya mwaka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji mwiteni bibi kwenye mapishi darasa, maana ndiye anayeshika kijiko mchana. Nimewahi kuona bibi mmoja akimnyang'anya afisa lishe mwiko, akasema uji ule ni wa wagonjwa, akaukoroga mwenyewe hadi ukawa mzito sawasawa. Tulimpigia makofi, na wamama waliokuwepo walimfuata yeye.

6. Haya ni ya haraka. Mafua hayazuii chanjo. Kidonda cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kisikamuliwe. Vitamini A inaanza miezi 6. Anayehara apate ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki, na zinki isiishie siku kuhara kunapokoma. Ni siku 10 kamili. Kuhesabu pumzi ni dakika nzima, kifua wazi, mtoto ametulia: 60 na zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, huyo anapumua haraka na asirudishwe nyumbani na dawa ya kikohozi. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea hapangi foleni.

7. Baba akija, msimwache amesimama dirishani. Mpeni kiti na mpeni kadi aishike mwenyewe. Mwonyesheni mstari kama mnavyomwonyesha mama, mwambieni mahindi ya kuuza yakitoka ghalani na mayai ya mtoto yabaki. Wengi hawajawahi kuelezwa.

Kesho zamu ya mzani inaanza saa mbili. Mshale uwe sifuri suruali ya mzani ikiwa imeshaning'inizwa, na ubao wa urefu niukute mezani.