Betri ya "megawati 400 kwa saa"?

SWALI: Kuhusu betri kubwa ya Dalian, China, inayotumia metali iitwayo vanadiamu, habari moja ilisema "inahifadhi megawati 100", nyingine ikasema "megawati 400 kwa saa". Ipi sahihi?

JIBU: Hakuna. Betri hiyo, iliyounganishwa na gridi mwaka 2022, ina namba mbili, na kila moja inataka kitenzi chake: inatoa megawati 100, inahifadhi megawati-saa 400.

Wati hupima kasi ya nishati kuingia au kutoka. Kasi haihifadhiki. Kinachowekwa akiba ni nishati yenyewe, nayo kwenye umeme huhesabiwa kwa wati-saa. Mnunuzi wa LUKU anakijua kipimo hiki kwa jina jingine: uniti moja ni kilowati-saa moja, hivyo betri ya Dalian ikichajiwa kikamilifu ina uniti 400,000.

Kosa la "kwa saa" limeenea mno, hata kwenye ripoti za wataalamu. Katika "kilomita 80 kwa saa", neno "kwa" linagawanya. Megawati-saa hupatikana kwa kuzidisha: megawati 100 mara saa 4. Kwa hiyo "megawati 100 kwa muda wa saa 4" ni Kiswahili safi na hesabu safi. "Megawati 400 kwa saa" ni hesabu mbovu. Kistari cha "megawati-saa" kiachwe mahali pake.

Bwawa la Julius Nyerere likitajwa kwa megawati 2,115 pekee, msomaji anaelewa, kwa kuwa ni mtambo wa kuzalisha. Betri ya aina hii haielezeki kwa namba moja. Ina matangi mawili ya vanadiamu iliyoyeyushwa katika asidi ya sulfuriki, na pampu zinazopitisha kila mmumunyo upande wake wa seli, yaani chumba ambamo umeme huingia na kutoka, utando ukiwa katikati. Umeme wa jua au upepo ukiingia, mmumunyo wa upande chanya hutoka bluu ukawa njano, wa upande hasi hutoka kijani ukawa zambarau. Umeme ukitolewa, rangi hurudi nyuma. Megawati hutegemea ukubwa na idadi ya seli. Megawati-saa hutegemea wingi wa mmumunyo: lita moja hubeba takriban wati-saa 15 hadi 25, hivyo uniti moja hudai kama lita 40 hadi 67. Ukiongeza mmumunyo bila kuongeza seli, saa huongezeka, megawati zikabaki zilezile. Ndiyo maana sentensi "betri imeongezwa maradufu" haisemi kitu mpaka utaje kilichoongezwa.

Chunga pia "kujaza". Kwa simu, kujaza chaji kunaeleweka. Hapa tangi linaweza kujaa mmumunyo hadi juu na betri isiwe na chaji hata kidogo. Andika "kuchaji" kwa umeme, "kujaza" kwa tangi.

"Betri imekufa" nayo mara nyingi ni haraka ya mwandishi. Vanadiamu ikipenya utando, uwezo wa kuhifadhi hushuka. Lakini kwa kuwa pande zote zina elementi ileile, fundi huweza kuchanganya mimumunyo, akaigawa sawa na kuchaji upya. Hapo sema "uwezo umepungua". Mmumunyo ukipita nyuzi joto 40 hivi, vanadiamu ya upande chanya iliyochajiwa huanza kujitenga ikawa chembe ngumu zinazoziba njia za seli. Hiyo ni betri iliyoziba.