Kiraka kikianza kutoa nyuzi

Mvua za wiki hizi zimewafungia watu ndani, na mtu aliyefungiwa ndani na cherehani hukumbuka ule mfuko wa vipande ulioko chini ya kitanda. Ndiyo maana maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya mifarishi ya viraka, yale matandiko ya vipande vilivyoungwa, na karibu yote yana kilio kimoja: kitambaa kinatoa nyuzi. Nimeyachukua saba.

Shikamoo shangazi. Fundi jirani alinipa mfuko wa vipande vya vitenge. Nikavifua vyote kwenye beseni kabla ya kushona, vikatoka vimeshikana kama nyavu za dagaa. Vingine vimepungua hata havifai tena. Nimekosea wapi? — Mama wa mtoto mmoja, Gungu

Marahaba mwanangu. Umekosea kufua vipande. Kitambaa hufuliwa kikiwa kizima, kisha ndipo kinakatwa.

Tazama kitenge kwa karibu. Kuna nyuzi za mtande zinazolala kwa urefu, na za mshindio zinazopenya juu na chini yake. Hakuna gundi inayozishika, zinashikana kwa kubanana tu. Ukikata, uzi wa ukingoni unabaki na jirani upande mmoja. Maji yanaulegeza, mkono unasugua, unachomoka. Hapo wa pili wake unakuwa ndio wa ukingoni, na safari inaendelea. Kwenye pindo la kiwandani hali ni tofauti kwa sababu pale mshindio unageuka na kurudi, kwa hiyo hakuna uzi wenye ncha ya kuchomoka. Acha pindo hilo wakati wa kufua, ila ulikate unapoanza viraka, maana limebana kuliko kitambaa kingine na linaweza kukuvutia mshono.

Kitambaa kizima, basi, kina pande mbili tu za kuhofia, zile alizochana au kukata muuza duka. Zipige bandi kwa kuzikunja mara moja, au zipitishe zigizaga kama cherehani yako inayo. Ukiwa na haraka, kata pembe nne kidogo kwa mshazari, kwa sababu nyuzi ndefu huanzia pembeni. Loweka, kamua bila kusokota, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu.

Vipande vya fundi havikupi nafasi hiyo, kwa hiyo usivifue. Unachohofia ni rangi? Sugua kila kimoja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kinachoacha rangi kiweke kando. Halafu vipake wanga. Nasema wanga wa muhogo, siyo unga wa ugali, ambao huacha chembe. Kijiko kimoja cha chakula ukikoroge kwenye maji baridi kidogo, umimine humo maji yanayochemka kama nusu lita huku unakoroga mpaka uji uwe wa kung'aa. Ukipoa uchuje. Paka, anika, piga pasi, ndipo ukate umbo lako. Kitambaa kinakuwa kikavu kama karatasi na nyuzi zinatulia mahali pake mpaka ushone. Mfarishi ukiisha ufue, wanga utoke, maana ukibaki unaita kombamwiko na ukungu.

Na hivyo vilivyoshikana, kata nyuzi kwa mkasi. Ukivuta unaongeza msiba.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, inashona mstari ulionyooka tu. Fundi mmoja wa Mwanga anasema lazima kila kiraka kipitishwe ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo kwa uzi, kabla ya kuungwa, na anatoza kwa kipande. Viraka vyangu ni mia mbili. Kuna njia nyingine? — Mwanafunzi wa ushonaji, Ujiji

Ipo, na usimpe hata shilingi. Nina sababu mbili.

Ya kwanza: mfarishi una sehemu tatu, uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha nyuma. Kingo zote za viraka zinaishia ndani, katikati ya uso na pamba. Hakuna kinachozisugua. Ukingo usiosuguliwa utatoa nyuzi mbili tatu kisha unatulia. Gauni ni habari nyingine, lile mshono wake uko wazi unagusana na mwili kila siku, na huko ovaloki ni halali yake.

Ya pili: ovaloki ina kisu. Inakata kingo huku inashona, na kiraka ulichopima inchi nne kinarudi kikiwa na inchi nne kasoro, upande huu zaidi ya upande ule. Unganisha viraka mia mbili vya namna hiyo uone kama pembe zitakutana.

Kinachozuia mshono kuachia ni mambo matatu, na yote unayaweza kwa cherehani yako hiyo. Acha robo inchi kamili nje ya mshono, yaani milimita sita na kidogo. Kwa kitambaa kilegevu, mfano kitani au kile cha mapazia, acha karibu sentimita moja. Fupisha hatua ya sindano: shona inchi moja kwenye kitambaa cha majaribio, hesabu matundu. Yakiwa kumi hadi kumi na mawili uko sawa. Yakiwa sita au saba, hiyo ni hatua ya kushika kwa muda tu, uzi utateleza katikati yake. La tatu ni mkasi. Mkasi butu haukati, hutafuna nyuzi, na kitambaa kilichotafunwa kimeshaanza kutoa nyuzi kabla hujakigusa. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, wala watoto wasiukatie mifuko ya maziwa.

Mkasi wa meno nao unasaidia, kwa sababu kila jino hukata kwa mshazari na uzi unaoweza kuchomoka pale ni mfupi. Unapunguza tu, hauzuii. Kama unao utumie, kama huna usiukope.

Ila nikuulize: mfarishi wako una kitambaa cha nyuma kweli? Wengi hapa kwetu tunaunga viraka kuwa shuka jepesi lisilo na pamba wala bitana, na hapo kingo ziko wazi chini. Tumia mshono wa jinzi. Acha nusu inchi pande zote mbili, unga, kisha punguza upande mmoja ubaki nusu yake. Ule mpana ukunje uufunike mwembamba, laza, shona tena juu yake. Kingo zote mbili zimefungiwa, na shuka linaangalika pande zote. Linakula kitambaa zaidi, hilo nalikubali.

Nimeambiwa nipitishe moto wa mshumaa kwenye kingo. Ni kweli? — Fundi wa nyumbani, Kibondo

Kweli kwa satini, utepe na vitambaa vya nailoni au poliesta. Hivyo huyeyuka na nyuzi zikashikana. Pamba haiyeyuki, inaungua tu, na ukingo ulioungua unapukutika. Vitenge sokoni ni mchanganyiko siku hizi, na muuzaji atakuapia kuwa ni pamba tupu. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo, ziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kitone kigumu.

Hata hivyo kwenye mfarishi mimi siuchomi ukingo wowote. Kile kitone kigumu kinakwaruza ngozi ya mtoto na kinapinda sindano ukikipitia.

Nataka kushona samaki wa kitambaa juu ya mfarishi wa mwanangu, migebuka mitatu. Nikiwakata na kuwashona pembeni, mapezi yanatoka nyuzi kabla sijamaliza. — Mke wa mvuvi, Kibirizi

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Mgebuka ni samaki mwema kwa mshonaji, mwili wake ni mrefu hauna kona nyingi. Tatizo, kama ulivyoona, ni mkia na mapezi.

Njia ninayoipenda ni ya kugeuza. Chora samaki upande wa nyuma wa kitambaa. Weka chini yake kitambaa chepesi chochote, hata khanga iliyochakaa, nyuso zikitazamana. Shona mstari wote kuzunguka bila kuacha mlango. Kata nje ya mshono ukiacha robo inchi, kwenye mkunjo wa ndani wa mkia ukate mkato mmoja unaokaribia uzi bila kuugusa, na kwenye ncha upunguze pembe. Sasa pasua tundu katikati ya ile khanga ya nyuma na umgeuze samaki kupitia hapo. Sukuma ncha kwa kijiti butu, piga pasi. Una samaki asiye na ukingo wazi hata mmoja, na lile tundu litalala chini ukimshonea juu ya mfarishi kwa mkono.

Ukitaka samaki bapa zaidi, kuna kile kitambaa chenye gundi cha kubandika kwa pasi, wanachotumia mafundi ndani ya kola. Kibandike nyuma ya kitambaa kabla ya kukata, siyo baada. Gundi inashika nyuzi mpaka ukingoni kabisa. Bado pembeni umzungushie mshono wa blanketi kwa mkono, hatua zikae karibu karibu, au zigizaga ya kubana. Gundi peke yake haivumilii kupigwa kwenye mawe ya ziwani.

Na yale mapezi madogo usiyakate. Yadarizi kwa uzi.

Mwakeye shangazi. Mfarishi wa mjukuu wangu umefuliwa mara tatu tu, viungo vimeachia na pamba inachungulia. Fundi aliyenishonea anasema kitambaa ndicho kibovu. — Bibi, Kasulu

Mwakeye bibi, na pole. Kabla ya kumwamini fundi au kumlaumu, fungua penye tundu utazame mshono. Kama uzi wa cherehani umekatika, kosa liko kwenye uzi au jinsi ulivyokazwa. Kama uzi upo mzima, umebaki unaning'inia na kitambaa kimechomoka chini yake, basi nje ya mshono kuliachwa kitambaa kidogo mno. Ubovu wa kitambaa huwa ni sababu ya tatu, ingawa mafundi huitaja ya kwanza.

Nalijua kosa hilo kwa kulifanya. Mfarishi wangu wa kwanza niliushona kwa vipande vya kitenge cha Kongo ambacho nilikipenda mno, nikabania milimita tatu nje ya mshono ili kitosheleze. Ulikuwa mzuri siku ya kwanza. Baada ya kufuliwa mara mbili niliweza kupitisha kidole katikati ya kila viraka viwili.

Usishone tena juu ya mstari ule ule, hakuna kitambaa cha kushika hapo. Rudisha pamba ndani. Kata kiraka kipya kinachozidi tundu kwa inchi moja kila upande, kunja kingo zake robo inchi, piga pasi, kiweke juu na ukishone kwa mkono, sindano ikiingia ndani ya mkunjo ili uzi usionekane. Hatua ziwe za milimita tatu hivi. Kisha pitisha mistari ya kushikiza kwenye mfarishi mzima, tabaka zote tatu kwa pamoja, umbali wa kiganja kati ya mstari na mstari. Mfarishi usio na mistari hiyo unaacha uzito wote wa pamba iliyolowa uvute viungo peke yake. Nashuku wako haukuwa nayo.

Tazama na ukingo wa nje. Ukiona umekunjwa mara moja tu, uvishe utepe: kata vipande vya inchi mbili na nusu, viunge viwe kimoja kirefu, kikunje katikati kwa urefu, shona ncha mbili zilizo wazi kwenye uso wa mfarishi, geuza mkunjo nyuma umalizie kwa mkono. Kwa mfarishi wa pembe nne utepe ulionyooka unatosha. Kukata hanamu, yaani kwa mshazari, ni kwa kingo za mviringo, kwa sababu kitambaa cha hanamu hunyumbuka, na kwa faida yako hakitoi nyuzi sana.

Rangi ya kucha isiyo na rangi inazuia nyuzi? — Msomaji, Mwanga

Inazuia, kwa tone moja kwenye pembe iliyokwisha kukatwa karibu na mshono. Ukiipaka ukingo mzima unapata kitambaa kigumu kama kucha.

Nimeona mfarishi ambao viungo vyake viko juu na vimechambuka makusudi kama manyoya. Naufanyaje? — Kijana mshonaji, Tabora

Hapa sasa tunamwachia adui aingie, ila tunamwekea mpaka. Kata viraka vya pamba tupu, viwili viwili na kipande cha pamba ya kujazia katikati, piga msalaba wa mshono kushika tabaka. Unga viraka migongo ikitazamana, ili kingo zitokeze usoni, na uache nusu inchi. Hatua ya sindano iwe fupi. Ukimaliza, pita na mkasi kila kiungo ukikata mikato ya karibu karibu kuelekea mshono, ubakize milimita tatu. Fua. Nyuzi zitachomoka mpaka zikute mshono, na hapo zitasimama.

Poliesta haifai, haichambuki vizuri. Khanga kuukuu inafaa, na merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, inafaa zaidi, kwa kuwa ufumaji wake ni wa kawaida, mmoja juu mmoja chini, nyuzi hutoka sawasawa. Na ni kitambaa cha njia yenu hiyo ya misafara. Karne ya 19 merikani ilitoka kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ikapanda mabegani mwa wapagazi kutoka pwani hadi Unyanyembe, huko kwenu Tabora, na kutoka huko hadi kwetu Ujiji. Chakula cha msafara kilinunuliwa kwa hiyo merikani na kwa kaniki, kile kitambaa cha rangi nyeusi, ikipimwa kwa doti ya mikono minane. Jina hilo la doti ndilo tunalohesabia khanga hadi leo.

Ufuaji wa kwanza ufanyie nje, kwenye beseni, peke yake. Maji yake uyachuje kwa chandarua kuukuu kabla ya kuyamwaga. Mimi nilimwaga moja kwa moja, nikalipa wa kuzibua bomba.