Kabla Hujachukua Fomu: Ushauri kwa Wakili Aliyetoka Jeshini

Tangu nilipogombea nafasi katika Bunge la Jimbo la Kansas na kushindwa kwenye kura za maoni za chama mwezi Agosti, wanajeshi wastaafu wenzangu waliosomea sheria wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: je, uwakili na miaka ya jeshini havitoshi kumwingiza mtu katika siasa za jimbo? Jibu langu ni kwamba vinatosha kukufanya ukaribishwe na usikilizwe kwa dakika mbili hivi, na dakika hizo mimi nilizitumia vibaya.

Nilizaliwa Tanga, nikaja Marekani nikiwa kijana, nikatumikia jeshi miaka 6, kituo changu cha mwisho kikiwa Fort Riley, kisha nikasomea sheria kwa fedha ambazo serikali huwalipia wanajeshi wastaafu. Nilipochukua fomu niliona kana kwamba nusu ya kazi imekwisha. Jioni moja ya Julai nilibisha hodi kwa bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia nyanya zake, nikiwa nimevaa kofia ya kikosi changu, nikamweleza nilikotumikia na kesi nilizozisimamia. Alinisikiliza kwa adabu bila kuuachia mpira wa maji, akanishukuru kwa utumishi wangu, halafu akauliza, “Na kodi ya majengo ninayotozwa kwa nyumba hii?” Nilianza kumfafanulia mgawanyo wa mamlaka kati ya jimbo, kaunti na wilaya ya shule, kwa lugha ambayo hakimu angeifurahia. Nilipofika kwenye wilaya ya shule alikuwa amekwisha kurudi kwenye nyanya zake.

Kilichonifumbua macho baadaye ni historia ya Bob Dole, ambaye nilikuwa nikimfahamu kama seneta na mgombea urais wa 1996 tu. Alizaliwa mwaka 1923 huko Russell, mji mdogo wa Kansas. Aprili 1945, katika milima ya Italia, vita vya Ulaya vikiwa vimebakiza wiki chache, alijeruhiwa vibaya begani, na mkono wake wa kulia haukurudi tena kufanya kazi ipasavyo. Watu wa Russell walimchangia fedha za matibabu kwa kuzitia katika boksi la sigara lililowekwa kwenye duka la dawa, na daktari wa Chicago, Hampar Kelikian, alimfanyia upasuaji bila kudai malipo yake. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Washburn, mjini Topeka, makao makuu ya jimbo, na kwa kuwa hakuweza kuandika kwa kasi, mkewe Phyllis alimwandikia majibu ya mtihani huku yeye akiyatamka. Mwaka 1950, akiwa bado mwanafunzi, alichaguliwa kuingia Bunge la Kansas.

Lakini ninayoyaheshimu zaidi ni yaliyofuata. Baada ya kipindi kimoja cha miaka 2 bungeni alirudi Russell kuwa mwanasheria wa kaunti, na akakaa hapo miaka 8, mpaka alipokwenda Washington mwaka 1961. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuidhinisha misaada ya watu wasiojiweza, na katika orodha hiyo walikuwamo babu na bibi yake mwenyewe. Wasimulizi wengi huipita miaka hiyo kwa sentensi moja ili wawahi Seneti, nami naona wanaruka mahali alipojifunzia siasa. (Wasomaji wa Mara au wa kaskazini mwa Kenya huenda wanalijua jina lake kwa njia nyingine, kwani mpango wa Marekani uitwao McGovern-Dole umewahi kugharimia chakula cha shule huko.)

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usianzie kwenye fomu. Hudhuria vikao vya kamati za bunge kule Topeka, ambako mwananchi yeyote anaweza kuwasilisha maoni yake juu ya muswada, na utagundua upesi kama una hamu ya kusoma kurasa 40 kuhusu maji ya umwagiliaji. Zungumza na washirika wako wa ofisi mapema, kwa sababu bunge hukaa kuanzia Januari hadi majira ya kuchipua, na mteja mwenye kesi Machi hatasubiri. Kuhusu picha ya sare, zipo kanuni za Wizara ya Ulinzi: isiwe ndiyo picha kuu ya tangazo lako, na lazima iambatane na maelezo kwamba wizara haikuungi mkono. Mimi nilitimiza masharti hayo yote, lakini sasa najua kwamba ingekuwa heri picha hiyo ingebaki ukutani kwa mama yangu.

Mwaka huu sikuchukua fomu. Jioni mbili kila mwezi nakaa katika maktaba ya mji kuwasaidia watu kuelewa barua zao za serikali, bila malipo. Mwezi Machi, kaunti zinapokuwa zimetuma taarifa za thamani ya nyumba, ambayo ndiyo msingi wa kodi, mwenye nyumba huwa na siku 30 za kukata rufaa, na foleni hurefuka. Yule bibi wa nyanya alikuja na bahasha yake. Hakunikumbuka, na sikumkumbusha. Alikuwa amebakiza siku 4, tukaanza kujaza.